Majina ya Mungu na Chimbuko la Imani ya Wayahudi na Wakristo wa Kwanza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyomo humu yametoka kwa watu ninaosoma nao Biblia jioni za katikati ya wiki, wengi wao wakiwa watu wazima walioisoma tangu utotoni na ambao siku moja walishtuka kuona jambo lililokuwa mbele ya macho yao miaka yote. Nimeyajibu kwa kufuata maandishi ya kale yenyewe pamoja na vitu vilivyofukuliwa ardhini. Nukuu za Biblia ni za tafsiri ya Union, kwa kuwa ndiyo iliyo mikononi mwa wengi wetu, K.K. ni kabla ya Kristo, na B.K. ni baada ya Kristo.

Kwa nini Biblia yangu inaandika BWANA kwa herufi kubwa mahali fulani, na Bwana kwa herufi za kawaida mahali pengine?

Kwa sababu katika Kiebrania hayo ni maneno mawili tofauti. Palipo na BWANA, maandishi ya Kiebrania yana herufi nne, yod, he, waw na he, ambazo kwa alfabeti yetu huandikwa YHWH. Hilo ni jina hasa, wala si cheo, nalo linatokea zaidi ya mara 6,800 katika Biblia ya Kiebrania, kuliko neno lolote jingine linalomtaja Mungu. Palipo na Bwana kwa herufi za kawaida, neno la Kiebrania ni *adon*, ambalo mtumwa aliweza kumwitia mwenye nyumba na askari kumwitia jemadari wake.

Mfano ulio bora kuliko yote ni Zaburi 110:1: "Neno la BWANA kwa Bwana wangu, Uketi mkono wangu wa kuume." Mtu akiusoma mstari huo kwa sauti, msikilizaji hasikii tofauti yoyote kati ya BWANA wa kwanza na Bwana wa pili, akiutazama kwa macho, anaiona mara moja. Naomba msomaji auweke mstari huu moyoni, maana tutaurudia. Wanaotumia Biblia Habari Njema hawalioni jambo hili kwa namna hiyo, kwa kuwa tafsiri ile imeweka "Mwenyezi-Mungu" mahali pa herufi nne.

Jina hilo lilitamkwaje? Je, kusema "Yehova" ni kosa?

Kiebrania cha kale kiliandikwa kwa konsonanti, na msomaji alijaza irabu mwenyewe kwa kuwa lugha ilikuwa yake. Baadaye sana, kati ya karne ya 6 na ya 10 B.K., wanazuoni wa Kiyahudi waitwao Wamasoreti, ambao kituo chao mashuhuri kilikuwa Tiberia kando ya ziwa la Galilaya, walibuni alama ndogo za irabu ili usomaji usipotee. Walipofika kwenye herufi nne hawakuandika irabu za jina lenyewe, kwa sababu wakati huo halikutamkwa tena. Waliandika irabu za neno lililosomwa badala yake, yaani *Adonai*, ili kumkumbusha msomaji asiteleze. Wakristo wa Ulaya wa Zama za Kati, waliojifunza Kiebrania vitabuni, wakaunganisha konsonanti za neno moja na irabu za jingine, ndipo likazaliwa umbo "Yehova". Tafsiri ya Union yenyewe imelihifadhi umbo hilo katika Kutoka 6:3: "bali kwa jina langu YEHOVA sikujulikana kwao."

Wataalamu wengi wanakubaliana kwamba matamshi ya zamani yalikaribia "Yahwe". Wanategemea mwandishi Klementi wa Aleksandria, aliyeliandika kwa herufi za Kigiriki kwa namna inayosomeka *Iaoue* hivi karibu na mwaka 200 B.K., na Theodoreto wa Kiro, aliyesema katika karne ya 5 kwamba Wasamaria hulitamka *Iabe*. Wanategemea pia vifupisho Yah na Yahu, vilivyobaki ndani ya majina ya watu.

Hata hivyo siwezi kumwambia mtu aliyesali kwa jina la Yehova maisha yake yote kwamba amekosea. Jina likivuka kutoka lugha moja hadi nyingine hubadilika sauti, na hata Yesu hakuitwa "Yesu" na mama yake.

Ni wapi jina hili linaonekana nje ya Biblia kwa mara ya kwanza?

Ushahidi wa kale ulio wazi kabisa uko katika jiwe la Mesha, mfalme wa Moabu, lililochongwa karibu na mwaka 840 K.K. Mesha huyu ndiye anayetajwa katika 2 Wafalme 3. Katika jiwe lake anajisifu kwamba aliuteka mji wa Nebo kutoka kwa Israeli, akavichukua vyombo vya YHWH na kuviburuta mbele ya Kemoshi, mungu wake. Kwa hiyo jina la Mungu wa Israeli limetufikia kwanza kwa uwazi huo kupitia kinywa cha adui aliyekuwa akijigamba. Jiwe liligunduliwa mwaka 1868 huko Dhiban, katika Yordani ya leo. Lilivunjwa vipande kabla halijaondolewa, lakini tayari karatasi mbichi ilikuwa imegandamizwa juu yake na kuchukua sura ya maandishi, na ndiyo iliyosaidia kuyaunganisha upya. Leo liko katika jumba la makumbusho la Louvre, Paris.

Kuna dokezo la zamani zaidi. Katika hekalu la Soleb, kando ya Nile katika Sudan ya leo, Farao Amenhotep III aliandikisha katika karne ya 14 K.K. orodha ya mataifa ya kigeni, na humo inatajwa "nchi ya Washasu wa Yhw". Washasu walikuwa wafugaji wa kuhamahama wa upande wa kusini na mashariki ya Kanaani. Inaonekana hapo Yhw ni jina la mahali, kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba watu hao walimwabudu Mungu wa jina hilo. Lakini mashairi ya kale ya Biblia nayo yanaonyesha upande huo huo. Kumbukumbu la Torati 33:2 inasema BWANA alitoka Sinai akawaondokea kutoka Seiri; wimbo wa Debora katika Waamuzi 5 unamwona akitoka Seiri na Edomu; na Habakuki 3:3 anasema Mungu alikuja kutoka Temani. Ukiongeza kwamba Musa alilijua jina hilo akiwa anachunga mifugo ya mkwewe, kuhani wa Midiani, utaelewa kwa nini wataalamu wengi wanadhani ibada ya YHWH ilipanda kuelekea kaskazini ikitoka jangwa la kusini.

El, Elohimu, El Shadai, El Elyoni: hayo ni majina ya Mungu mmoja, au ni miungu tofauti iliyounganishwa?

Hili ndilo swali linalowasumbua wengi, nalo linastahili kujibiwa bila haraka.

Mwaka 1929 wanaakiolojia wa Kifaransa walianza kuchimba Ras Shamra, pwani ya Syria, wakaufukua mji wa Ugarit uliokuwa umeteketezwa mwanzoni mwa karne ya 12 K.K. Walikuta mabamba ya udongo yenye mashairi marefu kuhusu miungu ya eneo hilo. Mkuu wao aliitwa El, mzee mwenye hekima na huruma, aliyekaa akiongoza baraza la wanawe; mkewe aliitwa Athirati; na Baali, mungu wa mvua na radi, aliitwa mpanda mawingu. Msomaji wa Biblia akiyasoma mashairi hayo hajisikii mgeni kabisa. Zaburi 82 inaanza: "Mungu amesimama katika kusanyiko la Mungu, Katikati ya miungu anahukumu." Zaburi 104 inasema Mungu huyafanya mawingu kuwa gari lake.

El, basi, lilikuwa jina la mungu mkuu wa Kanaani na wakati huo huo neno la kawaida lenye maana ya "mungu". Katika Mwanzo mababu wanamwita kwa jina hilo pamoja na sifa ya mahali au tukio: El Elyoni, Aliye Juu, kwa Melkizedeki, El Roi, Mungu anionaye, kinywani mwa Hajiri jangwani, El Olamu, Mungu wa milele, huko Beer-sheba. Jina Israeli lenyewe lina El ndani yake, wala halina Yah. Tena Kutoka 6:3 haifichi jambo hili, maana Mungu anamwambia Musa kwamba mababu walimjua kwa jina moja, El Shadai (Mungu Mwenyezi), na kizazi chake kinamjua kwa jingine, YHWH. Waandishi wa Biblia walijua kwamba majina yalikuwa mawili, nao wanakiri kwamba mwenye majina hayo ni mmoja.

Ninavyoona mimi, ushahidi wenye uzito zaidi ni huu: Biblia inampiga vita Baali kwa ukali usio na kikomo, lakini haina hata mstari mmoja unaomshambulia El. Mtu hampigi vita yule anayemhesabu kuwa ndiye Mungu wake.

Kuna mahali pamoja ambapo mshono bado unaonekana. Kumbukumbu la Torati 32:8 katika Biblia zetu inasema Aliye Juu aliweka mipaka ya mataifa kwa kuiandama "hesabu ya wana wa Israeli". Kipande cha gombo kilichopatikana Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, kinasema "wana wa Mungu", na tafsiri ya kale ya Kigiriki inasema "malaika wa Mungu". Mstari unaofuata unaongeza kwamba sehemu ya BWANA ni watu wake. Wapo wanaosoma hapo kwamba zamani YHWH alihesabiwa kuwa mmoja wa wana waliogawiwa mataifa. Wapo wanaosoma kwamba Aliye Juu ndiye YHWH mwenyewe, aliyewaachia viumbe wa mbinguni mataifa mengine na kujiwekea Israeli. Kwa jinsi shairi lilivyo sasa naona usomaji wa pili una nguvu zaidi, lakini kule kubadilishwa kwa neno kunaonyesha kwamba kuna mnakili aliyeona hatari katika usomaji wa kwanza.

Kuhusu *elohim*, ni kweli kwamba umbo lake ni la wingi. Linapomhusu Mungu wa Israeli, kitenzi chake kwa kawaida huwa cha umoja, kama katika Mwanzo 1:1. Wingi huo ni wa ukuu, na Kiebrania kiliutumia hata kwa mungu mmoja wa kigeni, kwa mfano Kemoshi katika 1 Wafalme 11:33. Anayejenga juu yake fundisho la Utatu, au la miungu mingi, anaubebesha umbo la sarufi mzigo usioweza kuubeba.

Je, ni kweli kwamba watu wa kale walidhani Mungu ana mke?

Wako waliodhani hivyo, na Biblia yenyewe inalalamika juu yao. Mwaka 1975 na 1976, huko Kuntillet Ajrud kaskazini-mashariki mwa Sinai, kilifukuliwa kituo cha wasafiri cha karibu na mwaka 800 K.K. Ndani yake kulikuwa na mitungi mikubwa iliyochorwa na kuandikwa kwa wino, na mmojawapo una maneno ya baraka kwa "YHWH wa Samaria na Ashera wake". Mwingine unamtaja YHWH wa Temani, yaani wa kule kule kusini tulikokwisha kutaja. Huko Khirbet el-Qom, karibu na Hebroni, maandishi ya kaburini ya karne ya 8 K.K. yana baraka ya namna hiyo hiyo kwa mtu aitwaye Uriyahu.

Wapo wanaosema kwamba Ashera hapo ni mungu wa kike, na wapo wanaosema ni nguzo ya mti iliyosimamishwa mahali pa ibada, kwa sababu katika Kiebrania si kawaida jina la mtu kufungiwa kiambishi cha umilikaji. Vyovyote iwavyo, 2 Wafalme 21 inasimulia kwamba Manase aliiweka sanamu ya Ashera ndani ya hekalu la Yerusalemu, na sura ya 23 inasema Yosia aliitoa akaiteketeza katika bonde la Kidroni, akazibomoa nyumba ambamo wanawake walikuwa wakifuma mapazia yake.

Basi imani ya Mungu mmoja tu ilianza lini?

Haikuanza siku moja. Amri ya kwanza inakataza kuwa na miungu mingine, bila kusema kwamba haipo. Matengenezo ya Yosia, karibu na mwaka 622 K.K., yaliifukuza hekaluni. Yerusalemu ulipoangushwa na Babeli mwaka 586 K.K., ilitazamiwa, kwa desturi ya nyakati zile, kwamba mungu wa walioshindwa amekwisha habari yake. Yakatokea kinyume chake: sura za Isaya kuanzia ya 40 zikatangaza kwa sauti ambayo haijawahi kusikika kabla ya hapo, "Mimi ni BWANA, wala hapana mwingine." Hapo kilichokanushwa ni kuwako kwa mungu mwingine yeyote.

Lakini habari haikufika kila mahali kwa wakati mmoja. Katika kisiwa cha Elefantine, karibu na Aswani, askari wa Kiyahudi waliowatumikia Waajemi katika karne ya 5 K.K. walikuwa na hekalu lao la Yaho, yaani YHWH kwa kifupi, na orodha yao ya michango inataja fedha za Yaho pamoja na fedha za mungu wa kike Anat-Betheli. Hekalu lao lilipobomolewa mwaka 410 K.K., waliandika barua mwaka 407 kwa Bagohi, liwali wa Yuda, wakiomba kibali cha kulijenga upya, bila dalili yoyote kwamba walijiona wakosefu.

Wayahudi waliacha lini kulitamka jina la Mungu, na kwa nini?

Zamani lilikuwa neno la kila siku. Boazi anawaamkia wavunaji shambani, "BWANA akae nanyi," nao wanamjibu, "BWANA akubariki." Mwaka 1935 zilifukuliwa huko Lakishi barua zilizoandikwa juu ya vigae vya vyungu muda mfupi kabla ya Babeli kuiangusha Yuda. Mojawapo inamwombea mkubwa wa jeshi kwamba YHWH amsikizishe *adoni*, yaani bwana wangu, habari za amani siku hii ya leo. Tazama kigae hicho kwa makini: maneno yale mawili ya Zaburi 110 yamekaa pamoja katika salamu ya askari, na hapo hakuna awezaye kuyachanganya, kwa kuwa jina bado lilitamkwa kama lilivyoandikwa.

Kimya kilikuja taratibu baada ya uhamisho. Amri ya kutolitaja jina bure ilizungushiwa uzio mpana zaidi na zaidi. Tafsiri ya Kigiriki ya Mambo ya Walawi 24:16 inamhukumu anayelitaja jina, ambapo Kiebrania kinaweza kusomwa kuwa kinamhukumu anayelilaani. Katika magombo ya Qumran waandishi wengine waliliandika jina kwa herufi za Kiebrania cha zamani, kama mtu anayegusa kitu kitakatifu kwa kitambaa. Wengine waliweka nukta nne tu. Na kanuni ya jumuiya yao iliamuru anayelitamka afukuzwe moja kwa moja. Mwanahistoria Yosefo, aliyekuwa wa ukoo wa makuhani, anasimulia habari za kijiti cha moto kisha anasema haruhusiwi kulisema jina alilofunuliwa Musa.

Lilibaki hekaluni. Mishna, mkusanyo wa kale wa mafundisho ya marabi, inaeleza kwamba katika Siku ya Upatanisho, makuhani na watu waliosimama uani walipolisikia jina likitoka kinywani mwa kuhani mkuu, walipiga magoti, wakasujudu na kuanguka kifudifudi. Hekalu lilipoteketezwa na Warumi mwaka 70 B.K., mahali pa kulitamkia pakatoweka. Wayahudi husoma *Adonai* katika sala, na katika mazungumzo husema *Hashemu*, yaani Jina.

Injili zimejaa alama za uangalifu huo. Mwana mpotevu anasema amekosa "juu ya mbingu". Kuhani mkuu anamuuliza Yesu kama yeye ni "Mwana wake Mtukufu", naye Yesu anajibu habari za kuketi "mkono wa kuume wa nguvu". Kila mmoja anamtaja Mungu kwa kuzunguka, na mzungumzaji mwenzake anaelewa.

Neno "Bwana" liliingiaje mahali pa jina?

Wayahudi wa Aleksandria walianza kuitafsiri Torati kwa Kigiriki katika karne ya 3 K.K. Nakala za kale zaidi zilizosalia hazifanani. Mafunjo ya Fouad 266, ya karne ya 1 K.K., yana maandishi ya Kigiriki ambayo katikati yake herufi nne zimeandikwa kwa Kiebrania. Kipande cha Mambo ya Walawi kutoka Qumran kina IAO, yaani jina hilo kwa herufi za Kigiriki. Na nakala zilizotunzwa na Wakristo baadaye zina *Kyrios*, Bwana. Neno *kyrios* lilikuwa na upana ule ule wa neno letu. Sisi tuna bwana shamba, bwana afya na bwana harusi, kisha tunaingia kanisani tukasema Bwana. Mgiriki naye aliweza kumwita *kyrios* mwenye mtumwa, Kaisari na Mungu.

Wakristo wa kwanza walianzaje kumwita Yesu Bwana? Je, waliazima kwa Wagiriki?

Mwaka 1913 mtaalamu wa Kijerumani Wilhelm Bousset alitoa hoja kwamba ibada ya Yesu kama Bwana ilizaliwa katika miji ya Kigiriki kama Antiokia, ambako kulikuwa na mabwana wengi wa ibada za siri. Hoja hiyo ilitawala kwa miongo mingi, nami naamini imeshindwa. Mwishoni mwa barua yake ya kwanza kwa Wakorintho, iliyoandikwa katikati ya miaka ya 50 B.K. kwa watu wa Kigiriki, Paulo anaandika bila kufasiri, "Maran atha." Hicho ni Kiaramu, lugha ya Galilaya na Yerusalemu, na wengi hukisoma kuwa ni sala: Bwana wetu, njoo. Sala isiyohitaji kufasiriwa ni sala waliyoizoea, na waliotangulia kuisali walikuwa Wayahudi wa Palestina.

Sasa turudi kwenye Zaburi 110. Hakuna andiko la Agano la Kale linalonukuliwa au kuguswa mara nyingi zaidi katika Agano Jipya. Kwa Kigiriki mstari wa kwanza unasema *Kyrios* alimwambia *kyrios* wangu, na katika Marko 12:36 hata tafsiri yetu imeacha herufi kubwa: "Bwana alimwambia Bwana wangu." Sauti iliyowatenganisha wale wawili ilikuwa imenyamazishwa kwa heshima, na katika nafasi hiyo ya kimya ndipo wafuasi wa Yesu walipomwona yeye ameketi kando ya Mungu, akishiriki neno lile lile.

Walikwenda mbali zaidi ya mstari mmoja. Yoeli alisema kila atakayeliita jina la BWANA ataponywa. Paulo anaunukuu mstari huo katika Warumi 10:13 akimhusisha Yesu. Shema, ungamo kuu la imani ya Wayahudi, inasema, "BWANA, Mungu wetu, BWANA ndiye mmoja". Katika 1 Wakorintho 8:6 Paulo anaigawa sentensi hiyo mikononi mwa wawili, Mungu mmoja aliye Baba, na Bwana mmoja Yesu Kristo. Katika Isaya 45:23, sura ile ile isiyokubali mwingine yeyote, Mungu anaapa kwamba kila goti litapigwa mbele zake. Wafilipi 2 inasema Mungu amemkirimia Yesu "Jina lile lipitalo kila jina", ili kwa jina lake kila goti lipigwe. Mwandishi aliyetaka kuanzisha dini ya miungu wawili asingechagua sura hiyo.

Fikra za Kiyahudi zilikuwa na mahali pa kuanzia. Kutoka 23:21 inamtaja malaika ambaye Mungu anasema, "jina langu limo ndani yake". Danieli 7 inamwona mmoja mfano wa mwanadamu akipewa mamlaka na mzee wa siku. Filo wa Aleksandria, aliyeishi wakati mmoja na Yesu, alithubutu kumwita Neno "Mungu wa pili". Baadaye marabi walilikemea kwa nguvu wazo la mamlaka mbili mbinguni, na hakuna anayekemea jambo lisilokuwako. Kilichokuwa kipya ni ibada. Malaika wa Kutoka hakuimbiwa tenzi wala hakuna aliyebatizwa kwa jina lake, ilhali Pliny, liwali wa Bithinia, aliandika kwa mfalme Trajan karibu na mwaka 112 B.K. kwamba Wakristo walikutana kabla ya mapambazuko kumwimbia Kristo kama mungu. Huko Megido, ndani ya eneo la gereza la kisasa, sakafu ya vijiwe ya karne ya 3 ilifukuliwa mwaka 2005. Inamtaja mwanamke Akeptous, aliyetoa meza kwa "Mungu Yesu Kristo" kuwa ukumbusho.

Je, nakala za asili za Agano Jipya zilikuwa na jina la Mungu kwa Kiebrania?

Hakuna nakala hata moja ya Kigiriki ya Agano Jipya, kati ya maelfu yaliyopo, iliyo na herufi nne. Hata zile za karibu na mwaka 200 B.K. zina neno Bwana likiwa limefupishwa kwa herufi mbili zenye mstari juu, na Mungu, Yesu na Kristo wameandikwa hivyo hivyo. Mstari ule juu ya herufi ndiyo heshima ya Wakristo kwa jina, kama nukta nne zilivyokuwa heshima ya Qumran. Jina lenyewe limo kwa kifupi katika Ufunuo 19, ndani ya neno Haleluya, maana yake "msifuni Yah".

"MIMI NIKO" ya kijiti cha moto ndiyo "mimi niko" ya Yesu katika Yohana 8:58?

Kwa Kiswahili yanalingana neno kwa neno. Kwa Kigiriki si sawasawa. Kiebrania cha Kutoka 3:14, *ehyeh asher ehyeh*, kinaweza pia kuwa "nitakuwa nitakayekuwa", na mstari wa 12 umetumia neno hilo hilo kwa ahadi: "nitakuwa pamoja nawe." Kigiriki kiliandika "Mimi ndimi Aliyeko", na neno hilo la mwisho ndilo linaloonekana katika mwangaza wa kichwa cha Kristo kwenye picha takatifu za Waorthodoksi. Maneno ya Yohana yako karibu zaidi na Isaya 43:10, "mimi ndiye", ambako Mungu anasema mbele ya mashahidi wake.

Vipi kuhusu Allah na Mungu?

Kiebrania *eloah*, Kiaramu *elah* na Kiarabu *ilah* ni ndugu wa tumbo moja, na Allah limetoka humo. Wakristo Waarabu wanasali kwa neno hilo, na Saadia Gaon, mwanazuoni wa Kiyahudi wa karne ya 10, alilitumia alipoitafsiri Torati kwa Kiarabu. Kilio cha Yesu msalabani, "Eloi, Eloi," kina mzizi huo huo. Mungu ni neno la Kibantu, ndugu wa Mulungu wa Wamijikenda na Wachewa, lililokuwapo kabla ya tafsiri yoyote ya Biblia.

Je, kuna mahali ambapo jina la kale bado linatamkwa na watu wa kawaida?

Fungua daftari la mahudhurio la shule yoyote ya msingi usome kwa sauti. Yohana: Yah ana neema. Mathayo: zawadi ya Yah. Zakaria: Yah amekumbuka. Nehemia: Yah amefariji. Obadia: mtumishi wa Yah. Yoeli: Yah ndiye El. Eliya: El wangu ni Yah. Yesu mwenyewe alibeba jina la Yoshua, lililofahamika kuwa YHWH huokoa, na ndiyo maana malaika katika Mathayo 1:21 anaeleza jina hilo kwa kusema atawaokoa watu wake. Danieli, Mikaeli na Ismaili wana El. Mwalimu anapoita majina asubuhi, na watoto wakaitika mmoja mmoja, herufi ambazo kuhani mkuu alizitamka katika Siku ya Upatanisho zinasikika, zikiwa zimekatwa nusu, katikati ya Juma na Neema.